Maswali ya Wasomaji: Kijana, Simu na Mkopo wa Kausha Damu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka mikoa ya kusini, na nyingi kati ya hizo zinahusu vijana wa sekondari, pamoja na wale waliomaliza karibuni, ambao fedha zimewatoka kupitia simu kabla wazazi hawajajua lolote. Nimechagua barua nne, zinazogusa utapeli wa simu na kausha damu, yaani mikopo ya haraka inayomkamua mkopaji. Majina ya walioandika hatuyachapishi.

*Ndugu Mshauri, mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Newala na tunategemea korosho. Mwanangu wa kwanza ana miaka 17 na yuko kidato cha nne. Laini anayotumia imesajiliwa kwa jina langu. Mwezi uliopita kaka zangu, shemeji zangu na hata katibu wa AMCOS yetu, yaani chama chetu cha msingi cha ushirika, walianza kupokea ujumbe unaosema kwamba mimi ni mdaiwa niliyekimbia deni. Nilipombana mwanangu alikiri kwamba alipakua programu ya mikopo, akaomba shilingi 50,000, akapokea 35,000, na akatakiwa kurejesha 50,000 ndani ya siku saba. Fedha hizo alizilipa kama ada ya kujiunga na kazi ya mtandaoni ya kutazama video, na kazi yenyewe haikuwepo. Sasa wanadai 80,000. Je, nilipe? Na nimfundisheje yeye na mdogo wake aliye kidato cha pili? Baba yao anasema dawa ni kuwanyang'anya simu.*

Mama, pole kwa fedheha uliyotwishwa mbele ya ndugu na mbele ya watu mnaofanya nao kazi. Nianze na deni, kwa kuwa hilo ndilo linalokunyima usingizi.

Usitume shilingi yoyote kabla hujajua anayekudai ni nani. Mkopeshaji halali nchini, awe na ofisi au awe ndani ya simu tu, anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, au ya mamlaka iliyokasimiwa kazi hiyo na Benki Kuu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na tangu hapo nyingine zimeendelea kuchipuka kwa majina mapya. Mwulize anayekupigia jina kamili la kampuni, namba ya leseni na mahali ilipo ofisi, kisha ulinganishe majibu yake na orodha ya wenye leseni iliyoko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Benki Kuu ina tawi mjini Mtwara, kwa hiyo malalamiko yako yanaweza kupokelewa huko huko kusini. Ikiwa kampuni ina leseni, taka maelezo ya deni kwa maandishi, rejesha kile kilichopokelewa kwa njia inayoacha risiti, na ulalamikie makato. Ikiwa haina, nenda polisi ukiwa na ujumbe wote, bila kufuta hata mmoja.

Kisheria, mtoto aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kujifunga kwa mkataba. Hata hivyo laini ni yako na kitambulisho kilichosajiliwa ni chako, na mkopeshaji atasema kwamba aliyekopa ni wewe. Jambo hili wazazi wengi hawalijui: kijana anayebonyeza «kubali» kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina la mama yake anaweka rekodi kwa jina la mama, na mkopo usiolipwa kwa taasisi halali unaweza kuonekana siku mama mwenyewe atakapokwenda kuomba mkopo wa pembejeo. Mwanao anapaswa kulielewa hilo kwa utulivu, kwa sababu ni sehemu ya elimu anayoihitaji.

Kuhusu ndugu waliotumiwa ujumbe, programu hizo zinapopakuliwa huomba ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu, picha na ujumbe, na kijana hukubali bila kusoma. Kuifuta programu sasa hakutarudisha majina yaliyokwisha kuchukuliwa. Waandikie ndugu zako ujumbe mmoja mfupi, ueleze kilichotokea na kuwaomba wasijibu wala wasilipe. Kuchukua taarifa za watu na kuzitumia kumtangaza mdaiwa ni jambo ambalo unaweza kulifikisha mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022.

Sasa tuje kwenye mafundisho, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jibu langu. Kaa na mwanao huyo pamoja na mdogo wake wa kidato cha pili, mkiwa na karatasi na kalamu, na mpige hesabu ya mkopo huu pamoja. Aliyepokea 35,000 na kutakiwa kurejesha 50,000 ametozwa 15,000 kwa siku saba, yaani karibu asilimia 43 kwa wiki moja. Kikomo cha riba ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, mkopo wa 35,000 kwa mwezi mzima ungezaa riba ya shilingi 1,225. Mwache mwanao aandike tarakimu hizo mbili kwa mkono wake mwenyewe, 15,000 na 1,225, kisha akueleze wewe tofauti yake. Kijana anayeishi kwenye nyumba ya mkulima ana akili ya hesabu ya kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba neno «ada ya huduma», «ada ya tathmini» na «bima ya mkopo» yote ni riba iliyopewa jina jingine, na kwamba kiasi cha kuanzia hesabu ni kile kilichoingia mkononi.

Halafu wasimulieni kangomba. Watoto wa Newala, Tandahimba na Masasi wamekulia ndani ya habari hizo, lakini wengi hawajawahi kuelezwa zinavyofanya kazi. Mnunuzi huja wakati chakula kimekwisha ndani na mikorosho haijatoa hata maua, akampa mkulima fedha taslimu kwa mzigo ambao haujavunwa. Chukulieni, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba amenunua kilo kwa shilingi 1,000 na mnada wa Oktoba ukafikia 3,000. Mkulima aliyepokea 100,000 amekabidhi mali ya 300,000, na hakuna karatasi popote iliyotaja riba. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulipoanza Mtwara msimu wa 2007/2008, moja ya hoja zake ilikuwa kumwondolea mkulima mnyonyaji wa namna hiyo, na hadi leo kangomba ni kosa. Programu iliyomkopesha mwanao inafanya kazi ile ile: inamfikia mtu akiwa na shida, inampa fedha upesi kuliko mtu yeyote mwingine, na inaficha bei. Mume wako na babu yao wanaijua habari hii kuliko mimi, na ningependa wao ndio waisimulie, kwa sababu mtoto humsikiliza zaidi mtu anayezungumza juu ya shamba la familia yake.

Kuhusu kunyang'anya simu, mwambie baba watoto kwa heshima zote kwamba simwungi mkono. Mwanao atafikisha miaka 18 muda si mrefu, atasajili laini yake, na atakutana na mambo haya haya akiwa mbali na macho yenu. Tena, jambo lililofanya deni lipande kutoka 50,000 hadi 80,000 ni kwamba aliogopa kusema. Wadai wa namna hii wanaishi kwa hofu hiyo. Hutegemea kwamba kijana atakopa kwingine alipe, kuliko kumfuata mzazi. Mwekeeni masharti kwa muda, kama kutopakua programu yoyote ya fedha bila mmoja wenu kuwepo, lakini siku atakayokuja mwenyewe kusema kwamba amekosea, apokelewe bila fimbo na bila matusi. Na kama kwenu mjomba ndiye mwenye neno kwa wapwa zake, kama ilivyo kwa familia nyingi za Kimakonde na Kimakua, basi mjomba naye aelezwe msimamo huu, ili mtoto asikimbilie upande mmoja na kukutana na adhabu upande mwingine.

*Mshauri, ninafundisha sekondari wilayani Nachingwea. Ninajaribu kuwafundisha wanafunzi kutambua utapeli wa simu, lakini kila nikiwapa orodha ya mbinu, baada ya miezi michache matapeli wamekuja na mpya. Nifanyeje?*

Mwalimu, orodha itakushinda siku zote, na nakushauri uiache. Wafundishe wanafunzi kuuliza ujumbe unawataka wafanye nini na kwa nini lazima iwe sasa hivi.

Chukua ule ujumbe tunaoujua wote, unaosema «ile hela itume kwenye namba hii». Hauna jina la mtu wala kiasi. Aliyeutuma ameusambaza kwa maelfu ya namba akisubiri mmoja ambaye kweli alikuwa karibu kumtumia mtu fedha. Chukua simu ya mtu anayejitambulisha kuwa ni mwalimu au mganga wa zamu, akimwambia mzazi kwamba mtoto ameanguka shuleni na dawa zinahitajika kabla ya nusu saa. Chukua mtu anayedai amekosea kutuma fedha na anaomba arudishiwe, wakati ujumbe wa muamala ameuandika mwenyewe kwa namba ya kawaida. Sura zinatofautiana, lakini katika zote tatu fedha inatakiwa itoke kabla mhusika hajapata nafasi ya kuuliza mtu mwingine. Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza darasani ni ya kuchelewa kwa makusudi: kata simu, tazama salio kwa kupitia menyu na si kwa kuamini ujumbe, kisha mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Aliyekosea kutuma kweli aelekezwe kwenye kampuni yake ya simu, ambayo ina utaratibu wa kurejesha muamala. Mpokeaji asirudishe kwa mkono wake. Na anayepiga kwa jina la kampuni ya simu akitumia namba yoyote isiyokuwa 100 asipewe neno la siri hata kama anajua jina kamili la mwenye simu.

Wanafunzi wako wana mitego inayowalenga wao hasa, na hapo ndipo ningetumia muda mwingi. Kila ifikapo mwezi wa mitihani ya kidato cha nne, makundi ya Telegram na WhatsApp hujaa watu wanaouza «pepa». Kijana hutuma fedha, hupewa karatasi ya kubuni au hupewa kimya, na hawezi kwenda polisi kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kufanya udanganyifu. Tapeli anaijua aibu hiyo na ameijengea biashara. Lizungumze waziwazi, kwa sauti isiyo ya vitisho. Baada ya matokeo hufuata wanaouza nafasi za vyuo, nafasi za JKT, ajira za serikali na fomu za mkopo wa elimu ya juu. Waonyeshe njia halisi ya kila kimoja: ajira za utumishi wa umma hutangazwa na kuombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira bila kumlipa mtu wa kati, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea maombi kupitia mfumo wake yenyewe. Kijana anayejua mlango wa kweli ulipo hahitaji kukariri milango yote ya uongo.

Ipo pia michezo ya kupanda fedha na kuvuna maradufu. Wanafunzi wako walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa wachanga, Serikali ilipoisimamisha DECI mwaka 2009, baada ya watu wengi nchini kupanda fedha zao humo. Leo mchezo huo huo umehamia kwenye programu za kutazama video na kualika marafiki. Nakuomba uufundishe kwa kipindi cha hisabati. Mtu mmoja akialika watano, na kila mmoja akialika watano, hatua ya tano inahitaji watu 3,125, hatua ya nane inahitaji 390,625, na hatua ya tisa peke yake inahitaji 1,953,125, idadi inayozidi wakazi wote wa Mkoa wa Mtwara, ambao sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu kuwa takribani milioni 1.6. Waache wanafunzi wafike kwenye tarakimu hiyo wenyewe. Halafu waulize fedha za hatua ya tisa zingetoka kwa nani.

Zoezi moja zaidi. Waombe walete ujumbe wa kitapeli uliofika kwenye simu za nyumbani kwao, uandikwe ubaoni bila namba wala majina, na darasa zima liuchambue. Ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwenye namba 15040, na mfumo humwomba mtumaji ataje namba iliyomtumia. Ni huduma iliyowekwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ili namba hizo zishughulikiwe. Mwanafunzi atakayejua kufanya hivyo atamfundisha bibi yake jioni hiyo hiyo. Na shule iwape wazazi wote namba moja rasmi, kwa maandishi, pamoja na tamko kwamba shule haitaomba fedha za matibabu kwa namba nyingine yoyote.

Ningetamani pia wazee wa jando na makungwi wa unyago waliingize jambo hili katika mafundisho yao ya likizo. Wanafundisha mambo ya ukubwa, na siku hizi deni ni sehemu ya ukubwa huo.

*Shikamoo. Nina miaka 18, ninaishi Mikindani, nimepata namba ya NIDA hivi karibuni. Rafiki yangu ananiomba nimsajilie laini kwa jina langu, anipe shilingi 5,000. Anasema ni jambo la kawaida.*

Marahaba, mwanangu. Usikubali. Laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chako ni yako mbele ya sheria, na ikitumika kutapeli au kukopa, atakayetafutwa ni wewe. Vilevile piga *106# kwenye simu yako leo, ufuate maelekezo ili uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho. Wako wauzaji wa laini wasio waaminifu ambao humwambia mteja arudie kuweka kidole kwa madai kwamba mtandao umegoma, kumbe wamesajili laini ya pili. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda kwenye duka la kampuni husika ukiwa na kitambulisho chako waifute.

*Mshauri, mimi ni msichana wa miaka 19, ninakaanga na kuuza samaki Kilwa Masoko. Ninahitaji mtaji wa kama shilingi 200,000. Kuna mtu anakopesha bila karatasi nyingi ila anachukua kadi ya benki au chombo cha ndani. Kuna mwingine Facebook, anataka kwanza 20,000 ya fomu. Nichague nani?*

Mwanangu, hakuna wa kuchagua kati ya hao wawili. Yule wa Facebook si mkopeshaji kabisa. Fedha anayoitafuta ni hiyo 20,000 yako, na ukiituma atakuomba nyingine ya bima, kisha ya kufungua akaunti. Yule anayeshika kadi ya benki pamoja na namba ya siri anajipa uwezo wa kujilipa kiasi anachotaka siku anayotaka, na hiyo ndiyo mikopo ambayo watu wameiita kausha damu.

Njia zilizo wazi kwako zinachukua muda mrefu zaidi, na sitakuficha hilo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mwanamke kijana anayejishughulisha kama wewe anahesabika miongoni mwa walengwa, lakini kwa kawaida mkopo hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako na utafute wenzako mnaouza samaki pamoja. Njia nyingine ni kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA au SACCOS, ambacho utaanza kwa kuweka hisa ndogo kila wiki na kukopa baadaye. Nacho kikague: kiwe kimesajiliwa, na uone daftari lake kabla hujatoa fedha.

Ukimwendea mkopeshaji binafsi mwenye leseni, mwombe akuandikie kiasi utakachopokea mkononi, jumla utakayorejesha, tarehe za marejesho, na kitakachotokea ukichelewa, yote kwa Kiswahili na katika ukurasa mmoja kama inawezekana. Usisaini papo hapo. Peleka karatasi hiyo nyumbani ukasome na mtu mzima unayemwamini, kisha uiweke kando ya hesabu zako za siku za bamvua na za siku ambazo upepo umezuia ngalawa kutoka, kwa sababu marejesho ya kila siku hayasubiri samaki wapatikane. Na kama mtaji wa 200,000 unaweza kuugawa ukaanza na 60,000 uliyoikusanya mwenyewe, anza na hiyo.